Herufi za Katikati

Kila alipotoka shuleni, Mgeni alinunua mkate na maziwa kwenye duka la chini, akapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, akafungua mlango kwa ufunguo wake na kusema, "Ni mimi, mjomba." Ilikuwa lazima aseme. Jicho la kulia la mjomba wake lilikuwa limefungwa bandeji tangu alipofanyiwa upasuaji, na la kushoto liliona ukungu tu, kama mtu anayetazama kioo cha bafuni baada ya maji ya moto. Asiposema, mjomba angebaki amekaa akisikiliza nyayo ndani ya nyumba yake bila kujua ni za nani.

Mgeni halikuwa jina lake. Alihamia shule ile muhula ukiwa katikati, na siku ya kwanza mwalimu wa zamu alimwonyesha kwa kidole mbele ya mstari akasema, "Huyu mgeni apelekwe darasa la sita." Jina likamganda. Hakuna aliyelitumia kwa ubaya, ila hakuna aliyejisumbua kuuliza lingine. Wakati wa mapumziko alikaa kwenye ngazi za maktaba akila taratibu sana, ili chakula kisimwishie kabla ya kengele.

Baba yake alikuwa amefariki zamani. Mama yake alikuwa mpishi katika kambi ya wajenzi wa barabara, na kambi ile ilihama kila barabara iliposonga mbele. Huko hakukuwa na shule, ndiyo maana alimleta binti yake kwa kaka yake wa pekee. Alipopata mahali penye mawimbi ya simu alipiga, na mara nyingi simu ilikatika wakiwa bado wanajuliana hali.

Mjomba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu hajazoea watu. Kazi yake ilikuwa uchoraji kwa kompyuta. Alichora wanyama na majumba ya kwenye michezo ya watoto, akawauzia wateja wa nchi za mbali ambao hakuwahi kuwaona sura. Wateja hao walimlipa kwa sarafu za kidijitali, zile pesa zisizoshikika mkononi, ambazo hukaa kwenye programu ya simu inayoitwa pochi. Alikuwa ameishi peke yake miaka mingi, na maneno yake yalikuwa ya kuhesabika. Mpwa wake alipokuja alimpa chumba, meza na taa nzuri ya kusomea, akaona amemaliza.

Kisha macho yakaanza kumharibikia. Madaktari walisema utando wa ndani umebanduka, kwanza jicho moja, na la pili likielekea hukohuko. Tangu hapo Mgeni akawa anasoma kila kitu cha nyumba ile: maandishi ya chupa za dawa, ujumbe wa wateja, tangazo la kukatwa maji. Akimaliza, mjomba husema, "Asante, mama," kisha kimya kinarudi kukaa palepale kilipokuwa.

Siku ya Jumatano katibu wa hospitali alipiga simu. Daktari bingwa wa macho aliyekuwa akizuru pale angeondoka mwisho wa wiki. Kama mjomba alitaka jicho la pili litengenezwe, malipo yafike kesho kabla ya saa sita mchana, la sivyo nafasi yake itapewa mgonjwa mwingine. Akiba ya benki ilikuwa imekwishia kwenye jicho la kwanza. Pesa za jicho la pili zilikuwepo, lakini zote zilikuwa ndani ya pochi ya simu. Ilibidi zihamishwe kwenda kwenye soko la sarafu la mtandaoni, mahali ambapo mjomba alikuwa na akaunti. Huko zingeuzwa na kugeuzwa pesa za kawaida, kisha zilipwe hospitali.

Mpwa wake aliporudi kutoka shuleni mchana huo, mjomba alimkalisha kwenye meza ya jikoni na kuisukuma simu mbele yake.

"Sikiliza vizuri," alisema. "Ukikosea kutuma pesa ya benki, unaweza kwenda kumlilia meneja. Huku hakuna meneja. Zikienda kwenye anwani isiyo yetu zimekwenda, na hakuna wa kuturudishia."

Akamweleza hatua moja moja. Anwani ni mlolongo mrefu wa herufi na tarakimu, unaoonyesha sarafu zinakwenda kwa nani. Afungue kwanza programu ya soko, aingie sehemu ya kupokea, achague aina ya sarafu na njia ya kuipitishia, kisha anakili anwani atakayoonyeshwa. Aende kwenye pochi, achague njia ileile, maana sarafu ikipitia njia tofauti inaweza kupotea hata kama anwani ni sahihi. Abandike ile anwani. Halafu asome kwa sauti anwani ya kwenye soko, herufi kwa herufi, kisha ile ya kwenye pochi, mjomba akisikiliza kama zinalingana. Watume kidogo kwanza. Kikifika, ndipo watume zilizobaki.

"Yetu inaanza na saba, K, M," alisema. "Mwisho wake ni nne, X, D. Hizo nazikumbuka. Za katikati sizikumbuki, kwa hiyo lazima tuzisome."

Maneno ya siri ya pochi hakumtajia, wala hakuwahi kumtajia mtu yeyote, hata dada yake. Alisema itakapofika hatua ya kuidhinisha, ataweka kidole gumba chake kwenye simu, inatosha.

Mgeni alifungua programu ya soko. Mtandao ulikuwa mzito siku ile, na katikati ya kioo kiduara kidogo kikawa kinazunguka, kinazunguka. Wakati akingoja alisikia mtu anaita kutoka uani. Alichungulia dirishani. Alikuwa binti wa fundi cherehani wa ghorofa ya chini, waliyesoma naye darasa moja, ambaye tangu muhula uanze hakuwahi kumwambia zaidi ya "samahani, napita."

"Wewe wa juu, unajua kudaka?" binti yule aliuliza. "Tunacheza mpira wa pete na tumepungukiwa mmoja."

Mgeni aliitikia kwa kichwa, akainua mkono kuonyesha kwamba anakuja. Alirudi mezani. Kiduara bado kilikuwa kinazunguka. Mjomba aliuliza kuna nini, naye akajibu kwamba hakuna kitu, ni watoto tu.

Akaingia kwenye pochi kungojea huko. Hapo ndipo alipoiona orodha ya miamala iliyopita, na juu kabisa kulikuwa na anwani inayoanza na saba, K, M, na kuishia na nne, X, D. Bila shaka ndiyo ile ya soko, aliwaza, mjomba si ameshatuma huko mara nyingi. Akainakili na kuibandika. Kisha akamsomea mjomba anwani ile kwa sauti. Alipomaliza alinyamaza kidogo, akaisogeza simu mezani isikike kama anafungua ukurasa mwingine, akaisoma tena ileile.

"Zimelingana?" mjomba aliuliza.

"Zimelingana."

Mjomba akanyoosha kidole gumba. Mgeni akakielekeza mahali pake. Kile kidogo kikaenda, na kabla kiti chake hakijaacha kutikisika alikuwa ameshafika kwenye ngazi.

Alicheza vizuri. Alidaka mipira miwili migumu, na mara moja alicheka kwa sauti hadi akajishangaa, maana sauti ile hakuwa ameisikia siku nyingi. Lakini baada ya muda mfupi yule msichana aliyekosekana alirudi kutoka dukani alikotumwa. Alivua viatu, akaingia uwanjani, na mpira ukaanza kurushwa kwake. Hakuna aliyemfukuza Mgeni. Walimsahau tu. Alisimama kando ya ukuta hadi jasho likamkauka mgongoni, akiwaza labda mtu atachoka ampishe. Hakuna aliyechoka. Akapanda ngazi.

Mjomba alikuwa amekaa vilevile alivyomwacha, viganja vyake juu ya meza, na simu katikati. Aliuliza kama kile kidogo kimefika. Mgeni aliangalia kwenye pochi, akamwambia kwamba imeandikwa "imekamilika."

"Hiyo ni pochi inasema imetuma," mjomba alimwelekeza kwa upole. "Haisemi kama tumepokea. Kaangalie kule sokoni."

Safari hii ukurasa wa soko ulifunguka mara moja. Haukuwa na kitu. Mjomba akasema wangoje. Walikula, wakaosha vyombo, wakaangalia tena, na hakukuwa na kitu. Mgeni alikwenda kulala. Alijaribu kujiambia kwamba mtandao ndio mzito. Alitamani mama apige simu usiku ule, ingawa alijua kabisa kwamba hata angepiga, asingethubutu kumwambia.

Asubuhi hakwenda shule, kwa ruhusa ya mjomba. Sokoni bado palikuwa patupu. Mjomba alitembea kutoka dirishani hadi mlangoni akipapasa migongo ya viti, huku akifikiri kwa sauti, jambo ambalo hakulizoea. Alisema amekumbuka kwamba soko lile lina kiwango cha chini cha kupokea, na chini ya hapo haliandiki kitu. Pengine jana alituma kidogo mno.

"Kosa ni langu," alisema. "Anwani umenisomea mara mbili, na zimelingana. Kwa hiyo njia ni salama. Muda umetubana, mama. Tutume zote."

Mgeni aliishika simu. Alifanya alivyoambiwa, kwa sababu mikono yake ilikuwa imezoea kufanya anavyoambiwa. Anwani ya jana ilijiweka yenyewe mahali pake. Kiasi kilikuwa chote, jicho zima la mjomba. Mjomba alikaa mbele yake akanyoosha kidole gumba, kikawa kinapapasa hewani kikiitafuta simu, kikipita juu ya sukari, juu ya kijiko, taratibu, bila shaka yoyote.

Ilikuwa ni ile imani yake iliyomshinda Mgeni. Kama angekuwa na wasiwasi hata kidogo, labda angeweza kunyamaza. Aliivuta simu kifuani kwake.

"Mjomba, subiri," alisema. "Jana sikusoma anwani mbili. Nilisoma moja mara mbili."

Kidole kilibaki hewani. Kisha kikashuka mezani. Mgeni alingoja kufokewa. Aliona afadhali afokewe, maana uso ule wenye bandeji haukumwonyesha chochote, naye hakuwahi kujisikia peke yake kama alivyojisikia wakati ule, akiwa umbali wa mkono mmoja tu kutoka kwa ndugu yake wa damu.

"Uliitoa wapi?" mjomba aliuliza hatimaye.

Akamweleza yote: kiduara kilichozunguka, orodha ya miamala, mwanzo na mwisho vilivyofanana. Mjomba hakumkatiza. Akasema afute kila kitu, afungue ukurasa wa soko, na safari hii wakingoje kiduara hata kikizunguka mpaka kizeeke.

Hakikuzeeka. Ukurasa ulifunguka, na Mgeni akasoma anwani ya soko herufi moja moja, herufi kubwa akiitaja kuwa kubwa na ndogo kuwa ndogo, mjomba akirudia kila moja. Kisha akasoma ile ya jana. Saba, K, M. Zikafuatana sawa. Baada ya hapo hakuna iliyofanana na nyingine, herufi baada ya herufi, mpaka mwisho kabisa: nne, X, D.

Mjomba alishusha pumzi ndefu. Akamweleza kwamba miamala ya sarafu zile huonekana na mtu yeyote anayejua pa kutazama. Mwizi aliona kwamba pochi hii hutuma kwenye anwani fulani. Akatengeneza ya kwake inayofanana nayo mwanzo na mwisho, kisha akarusha chembe ya sarafu kwenye pochi ili anwani yake iingie kwenye orodha. Baada ya hapo kazi yake ni kungojea mtu mwenye haraka.

"Nami nilikuwa na haraka," alisema Mgeni.

"Ya kwenda wapi?"

"Chini. Waliniita. Walikuwa wamepungukiwa mmoja."

Mjomba alisema tu kwamba kazi bado ipo na saa sita haimngoji mtu.

Wakaanza upya. Mgeni alinakili anwani kutoka sokoni, akahakikisha njia ni ileile pande zote mbili, akabandika, akasoma ya huku na ya kule. Alitafuta kiwango cha chini cha soko, akakisoma, wakatuma kilichozidi hapo kidogo. Mjomba akaweka kidole. Mgeni hakuondoka mezani. Fundi cherehani alikuwa amewasha redio huko chini, watu walikuwa wakipanda na kushuka ngazi, na wao wawili wakakaa tu, wakiangalia simu, mmoja kwa macho na mwingine kwa masikio.

"Imepokelewa," Mgeni alisema. "Imeandikwa huku sokoni. Si kwenye pochi."

"Soma tena."

Akasoma tena. Ndipo wakatuma zilizobaki, na hata hapo mjomba alitaka anwani isomwe yote kana kwamba hawajawahi kuisoma. Zilipofika waliziuza, wakalipa hospitali, na katibu akapiga simu kuthibitisha zikiwa zimebaki dakika chache. Kile kidogo cha siku ya kwanza hakikurudi, wala hawakuwa na mtu wa kumdai. Kilikuwa nauli ya teksi ya kwenda na kurudi hospitali.

Kwa hiyo siku ya Ijumaa walikwenda kwa miguu. Mjomba aliweka mkono begani kwa mpwa wake, naye akawa anamtajia njia: hapa pana ukingo, hapa shimo, hapa mtu kaanika mazulia. Walikuwa wameacha nyuma kituo cha mafuta mjomba alipoanza kuzungumza.

"Jana nilikasirika, sitakuficha," alisema. "Si kwa ajili ya pesa. Kukosea anwani kunaweza kumpata yeyote, hata mimi nilipokuwa naona vizuri. Kilichoniuma ni kuniambia zimelingana. Nilikuwa nategemea neno lako kama ninavyotegemea bega hili. Lingesogea, ningeanguka."

Mgeni alisema anajua. Akaomba msamaha.

"Lakini ulisema kweli wakati ambao ungeweza kunyamaza. Sarafu ikishatumwa hairudi. Uongo unaweza kuurudisha, ukiwahi, na wewe umewahi. Shika hilo mpaka ukue. Kazi yenye hatari usiifanye kwa haraka, usiruke hatua hata kama unaijua, na ukiiruka, sema mapema."

Walivuka barabara. Upande wa pili mjomba alisimama, ingawa hapakuwa na cha kumsimamisha.

"Kuna langu pia," alisema. "Yule mwizi alijua watu tunasoma mwanzo na mwisho, katikati tunaruka. Jana nimelala nikiwaza kwamba ndivyo ninavyoishi na wewe. Asubuhi nakuuliza umeamkaje. Usiku nakwambia lala salama. Katikati sijawahi kuuliza. Ningekuwa na mazoea ya kukuuliza, ungeniambia wanakuita, tungefanya ile kazi ukishacheza. Haya, nieleze siku yako ya shule. Usiruke."

Hakuna aliyewahi kumwomba Mgeni hivyo tangu aje. Akaanzia kwenye geti la shule, mlinzi anayepiga miayo, mstari wa asubuhi, nani hukaa mbele yake na nani nyuma. Alitaja kisichofurahisha pamoja na kinachofurahisha, na mjomba aliuliza maswali, tena mengi. Walipofika mlango wa hospitali simulizi lake lilikuwa ndiyo kwanza limefika kengele ya mapumziko, na muuguzi akaja kumchukua mgonjwa wake.

Mgeni alikaa peke yake kwenye benchi la korido muda mrefu. Watu walipita na karatasi zao, hakuna aliyemtazama. Hatimaye daktari alitoka akamwambia kwamba upasuaji umekwenda vizuri, na kwamba la kulia limeshafunguliwa, linaona, ila lisichoshwe.

Mjomba alitolewa kwenye kiti cha magurudumu, bandeji ikiwa imehamia upande wa pili. Jicho jekundu lenye machozi lilizunguka korido nzima hadi likampata. Likamtazama kwa muda.

"Ulikuwa umefika mapumziko," mjomba alisema. "Endelea."